Nyimbo Tatu kwa Kilomita

Mwezi uliopita gari lilituzimikia njiani, rafiki yangu, nami nikashuka na kuanza kuimba. Usinicheke kwanza. Nilikuwa natoka Lilongwe, kule Area 36 ninakokaa, naenda Dzaleka kumuaga mwalimu wangu wa zamani. Gari likakohoa mara mbili, likatoa moshi wa kutosha kukausha samaki wote wa Uvira, likanyamaza. Abiria wakaanza kugombana na dereva. Mimi nikatoa simu, na yule mwanamke anayekaa ndani ya simu akaniambia, bila huruma hata kidogo, kwamba nimebakiza kilomita tano. Hajamaliza kusema, kichwa changu kilishajibu: maili tatu, nyimbo kumi na tano.

Kijana mmoja mwenye kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu, akaja mbio. "Amayi, tiyeni!" Mama, twende. Nikamwambia zikomo, asante, leo natembea. Akatazama viatu vyangu, akatazama mwili wangu ambao kwa miaka mingi haujakosa nsima, akacheka, akaanza kunifuata polepole akijua nitachoka tu. Mimi nikashika njia. Nikaanza na wimbo wa kumi na tano. Ndiyo, wa kumi na tano, siyo wa kwanza. Sababu yake inatoka mbali, kwa hiyo keti.

Nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, nikiwa na miaka minane, wakati wa vita vya kwetu Kongo, mimi na mama yake baba yangu, ambaye sisi watu wa Fizi tunamwita Koko. Mama alikuwa amefariki kabla ya hapo. Baba alikuwa fundi wa kushona, na siku ile risasi zilipoingia kijijini alikuwa amekwenda Baraka kupima wanakwaya wa kanisa fulani magauni ya Pasaka. Watu walikimbia upande wa ziwa, Koko akanishika mkono, tukavuka bila yeye. Baadaye, njiani Tanzania, tulisikia kwa watu kwamba yuko hai na anatufuata. Basi tukaishi juu ya neno hilo, "anatufuata", kama wengine wanavyoishi juu ya mshahara.

Kambi ile wakati huo ilikuwa na vumbi jekundu lililoingia hata ndani ya yai kabla halijapasuliwa. Nyumba zetu zilikuwa za tofali za udongo, na plastiki juu, na mawe juu ya plastiki. Asubuhi ulisikia kwanza pampu ya kisima ikilia kama punda, halafu vinu vya kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, tu-tu-tu, toka mwisho mmoja wa kambi hadi mwingine. Warundi upande ule, sisi upande huu, na wote tukisema Kiswahili, kila mtu na chake. Wenyeji walisema nsima, sisi tulisema bugali, tumbo halikuuliza jina. Siku za mgao tulipata mahindi na maharage na mafuta kidogo, na kazi yangu mimi ilikuwa kuchagua maharage. Nakuapia, nusu ya kila gunia ilikuwa mawe. Ungeweza kujenga kanisa.

Koko hakujua kilomita. Hakujua wala hakuona haja. Yeye alipima njia kwa nyimbo za kanisa. Kule Fizi, kutoka nyumbani hadi shamba lake la muhogo ilikuwa nyimbo ishirini na mbili, na mzigo kichwani ishirini na sita. Hapa kambini, kisimani ni wimbo mmoja bila ubeti wa mwisho. Zahanati ni nyimbo nne. Ukimuuliza mtu fulani anakaa wapi, alisema, "Nyimbo mbili na kiitikio," na ukienda ukiimba, mwendo wa kawaida, unajikuta mlangoni kwake mdomo ukifunga. Sijawahi kuona simu inayopatia hivyo.

Mwalimu wetu ndiye aliyeleta kilomita na maili. Alikuwa mtu wa Uvira, mwembamba, na shati moja ambalo jioni lilifuliwa na asubuhi lilivaliwa. Alitufundisha hesabu za kichwa, kwa sababu daftari hazikuwepo. Kosa moja tu hakulisamehe: kumpa namba tupu. Ukijibu "tano", alikunja uso kama aliyelamba ndimu, akauliza: "Tano ya nini? Ya ndizi?" Darasa zima lilicheka, na wewe ulitamani ardhi ipasuke ikumeze.

Alituambia kwamba wazee wa nchi hii bado wanapima kwa maili, mailosi wanasema, na sisi tumezoea kilomita, kwa hiyo mtoto wa Dzaleka lazima ajue kuvuka kutoka huku kwenda kule bila kalamu. Akaandika ubaoni ukoo wa namba: mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu, ishirini na moja, thelathini na nne, hamsini na tano, themanini na tisa. Kila mmoja, alisema, amezaliwa na wawili waliomtangulia. Tatu na tano wamezaa nane. Tano na nane wamezaa kumi na tatu. Sasa, ukiwa na maili, mwangalie mdogo wake anayemfuata: huyo ndiye kilomita zako. Maili tatu ni kilomita tano. Maili nane, kumi na tatu. Ukiwa na namba isiyo ya ukoo, ivunje. Maili ishirini? Kumi na tatu na tano na mbili. Wageuze mmoja mmoja: ishirini na moja na nane na tatu. Thelathini na mbili, kwisha. Si sawasawa kama mizani ya dhahabu, lakini mguu hautaona tofauti.

Rafiki yangu, mchezo ule uliniingia kama malaria. Niligeuza kila kitu. Lilongwe ni kilomita arobaini na tano? Thelathini na nne, nane, tatu. Rudi nyuma, ishirini na moja, tano, mbili: maili ishirini na nane. Halafu nikapima mwendo wa Koko na nyimbo zake kwenye nguzo za barabarani, nikapata nyimbo tatu kwa kilomita. Hapo nikawa mkubwa kuliko mwalimu. Wamama walinisimamisha kisimani: "We profesere, Dowa ni nyimbo ngapi?" Nami nikajibu ndoo ikiwa kichwani, bila kumwaga tone. Nilikuwa na miaka kumi na kichwa kilichojaa sifa hadi kilikuwa hakipiti mlangoni.

Siku moja, Alhamisi, alikuja mama mmoja wa Kirundi na mtoto mgongoni. Alikuwa mgeni, hata vumbi la kambi halijamshika. Alimuuliza kila mtu nyumba ya bibi wa Fizi mwenye mujukuu wa hesabu. Koko akampa kibao akae. Yule mama hakukaa.

"Nalikuwa na mutoto wako njiani," alisema. "Fundi. Anabeba kichwa cha mashini ya kushona ku bega."

Koko alikuwa anakoroga bugali. Mwiko ukasimama peke yake ndani ya sufuria.

Wawili hao walikuwa wamesafiri pamoja tangu mpakani, gari hili na gari lile. Kwenye kijiji kimoja cha barabara ya Kasungu, baba akashikwa na homa. Likapita lori la tumbaku likienda Kanengo, kwenye maghala ya Lilongwe, na mbele kwa dereva palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Juu ya marobota ya tumbaku dereva hakuruhusu mtu.

"Alisema, we na mutoto mupande. Mi homa ikishuka nitakuja na miguu. Akauliza dereva, inabaki ngapi mpaka Dzaleka? Yule dereva, muzee, akaandika na kidole ku vumbi ya mulango."

"Akaandika nini?" nikauliza mimi. Mimi, si Koko.

"Tano na tano. Hamsini na tano."

Na hapo ndipo mimi, rafiki yangu, mtoto wa kwanza darasani, profesere wa kisimani, niliruka juu nikapiga makofi. "Kilomita hamsini na tano! Koko, nyimbo mia moja sitini na tano! Siku mbili tu!"

Koko akaketi chini. Hakulia. Alichukua beseni tupu, akaliweka mbele yake, akavuta na mfuko wa maharage niliyochagua. Akaanza kuimba. Wimbo ulipokwisha, akatia harage moja ndani ya beseni. Akaanza mwingine.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Ninamutembeza."

Kwao ndivyo walivyofanya, alisema, mtu akiwa safarini na mwili dhaifu. Wa nyumbani anamuimbia njia, ili asiitembee peke yake. Hakuimba kwa haraka, kwa sababu mgonjwa hakimbii. Hakuimba jua likishazama, kwa sababu mgonjwa lazima alale. Mchana kutwa sauti yake ilikuwa mlangoni, na majirani wakipita waliitikia kiitikio wakaendelea na ndoo zao, na kila mmoja alikuwa amemsukuma baba hatua mbili tatu.

Sisi tungefanya nini kingine? Miguu ya Koko ilikuwa imevimba kama mihogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu akawaomba wanaume wawili wa kanisa wamfuate baba. Wakaazima baiskeli, wakaniuliza mimi, watu wazima na ndevu zao, waende mbali kiasi gani. Nikawaambia kilomita hamsini na tano, kuna kijiji, muulizeni mtu wa mashini. Ijumaa wakaenda. Jumamosi jioni wakarudi, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kijiji tulikifika," alisema mmoja. "Tuliuliza nyumba kwa nyumba. Pale hakuna mutu kama huyo. Hakupita."

Beseni la Koko lilikuwa na maharage mia moja na arobaini na kitu. Aliwashukuru, akawapa maji, akaendelea. Jumapili mchana akafika mia moja sitini na tano. Akanyamaza, akajifuta uso, akafunga kitambaa kizuri, akaniambia nifagie mbele ya mlango. Nilifagia hadi nikaacha shimo. Tukaketi tukitazama njia.

Jumatatu shuleni sikuwa na akili. Mwalimu akanisimamisha, akaniuliza habari za baba. Nikasema tunamngoja, alibakiza hamsini na tano.

Mwalimu akakunja uso. Kwa mazoea tu, maskini, mdomo wake ukasema wenyewe: "Hamsini na tano ya nini?"

Darasa likaanza kucheka. Halafu watoto wakaona uso wa mwalimu, wakaacha.

"Yule dereva," akasema polepole. "Alikuwa kijana au mzee?"

Mzee. Yule mama wa Kirundi alisema mzee. Mzee wa Kimalawi, mtu wa mailosi. Na sisi wote, mimi, Koko, mama wa Kirundi, wale wa baiskeli, tulisikia namba na tukaivalisha nguo ya kwetu. Hamsini na tano, mdogo wake anayemfuata ni themanini na tisa. Nilijua kabla mwalimu hajafungua mdomo. Nilijua pia kitu kingine, na hicho sijakigeuza hata leo. Baba aliiona namba ile kwenye vumbi la mlango wa lori kwa macho yake. Na baba naye ni mtu wa kilomita.

Ngoja nikueleze baba. Shingoni alivaa futi kamba yake mchana na usiku, upande mmoja sentimita, upande wa pili inchi. Nilipokuwa mdogo kabisa aliniweka juu ya meza ya kushonea akanipima kichwa, kiuno, mkono, akasema, "Mama, uko mrefu sana ku huu upande, na ku huu upande uko mufupi. Unapenda tushone wa wapi?" Inchi hakuzitumia kamwe. Alisema ni za watu wa mbali. Sasa mtu kama huyo umwandikie hamsini na tano.

Wale wawili wakaazima baiskeli tena, Jumanne. Safari hii walikwenda hadi mwisho, wakamkuta mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara. Ndiyo, alisema, mtu wa mashini alilala kwenye baraza langu na homa. Jumamosi asubuhi aliamka mzima, akaniomba viazi vya siku mbili. Vya siku mbili tu. Nilimpa vingi akavirudisha, akasema mzigo. Akaniachia hii. Akawapa futi kamba.

Jumamosi asubuhi. Asubuhi ile ile wale wa baiskeli walikuwa kwenye kile kijiji changu cha uongo, wanageuza baiskeli kurudi. Wangeielekeza mbele badala ya nyuma, wangekutana naye uso kwa uso kabla ya saa sita.

Walipokuwa wanarudi wakauliza kila mtu. Zikiwa zimebaki kilomita thelathini na nne kufika kambini, walimpata mfyatua tofali aliyemwona. Jumapili jioni, alisema, alikuja mtu na mashini, akauliza Dzaleka. Tukamwonyesha mbele. Akakataa. Alipiga hesabu kwa vidole, akasema yeye amemaliza, njia yake imekwisha, kwa hiyo lazima ameipita kambi au ameshika barabara isiyo yake. Tulimwambia ni mbele, lakini Kichewa hakijui na sisi Kiswahili chetu ni cha kuombea chumvi. Alikaa juu ya mashini muda mrefu. Halafu akaingia njia ile ndogo, ya upande wa kulia.

Wanaume wale waliifuata njia ile hadi giza. Walipata nyayo za mbuzi.

Nimewaza jambo hili miaka mingi, nikiwa napika, nikiwa kazini, nikiwa kwenye dawati la shule ya jioni nilikopata cheti changu nikiwa na watoto watatu na nywele nyeupe mbili. Mtu asiyejua kuhesabu angefika. Angefuata kidole cha mfyatua tofali, angetembea siku moja na kidogo tu, angemkuta mama yake mlangoni. Baba alipotea kwa sababu alihesabu vizuri.

Futi kamba ile Koko aliivaa shingoni. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa ni ngapi?"

"Themanini na tisa, Koko. Nyimbo mia mbili sitini na saba."

"Basi imebaki mia moja na mbili." Hiyo aliikokotoa mwenyewe, bila mwalimu. Akavuta beseni.

Sauti yake ilianza kukauka. Wimbo wa mia mbili ulitoka kama mtu anayepepeta mchele. Majirani sasa walikuwa wakipita kimya, maana wazee wa kanisa walikuwa wameanza kusema kwa upole kwamba labda tuketi matanga, tumwachie Mungu. Yule mama wa Kirundi alikuwa anakuja kila siku na mtoto wake, anaketi pembeni, anaitikia. Hakuna aliyemwambia neno baya. Alijiambia mwenyewe, nadhani, kwa sababu siku moja nilimsikia: "Ile nafasi ilikuwa yake." Koko akakatisha wimbo, akamjibu, "Na ilikuwa ya mutoto wako. Imba."

Beseni likafika mia mbili sitini na saba. Njia ikabaki nyeupe, tupu, na mbuzi mmoja.

Nilikuwa siwezi kitu, rafiki yangu. Kulia sikulia, kwa sababu nikilia yeye ataacha kuimba, na akiacha kuimba baba atasimama. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, kile kichwa changu. Nikamwambia:

"Koko, nimegeuza tena. Ile njia ndogo inazunguka. Kwa hiyo siyo themanini na tisa. Ni mia moja arobaini na nne."

Mia moja arobaini na nne ni mdogo wa themanini na tisa katika ukoo ule. Nilipanda ngazi tu. Koko alinitazama kitambo. Akasema, "Vizuri," akaimba. Nyimbo mia moja sitini na tano zaidi, siku mbili nzima. Mwalimu akapita, akasikia hesabu, akajua. Mtu aliyetufundisha ukoo wa namba angeacha kujua? Alisimama mbele yangu na mdomo wazi, nami nikamtazama kwa macho ya kumwomba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza ni ya nini. Alivua viatu, akaketi karibu na mama wa Kirundi, akaitikia hadi jioni.

Maharage yalifika mia nne thelathini na mbili. Asubuhi iliyofuata nikaja na namba yangu tayari. Mia mbili thelathini na tatu. Niliisema nikiwa bado mlangoni, haraka, kama mtu anayeleta habari njema.

Koko hakuvuta beseni.

"Kuja hapa," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha, nilisoma midomo. "Mutu anayekuja, namba yake inapunguka kila siku. Ya huyu inapanda. Huyu haiko anakuja, mujukuu. Iko anaenda."

Nikaanza kubisha, nikataja njia ya kulia, na mlima, na mto ambao sikuwahi kuuona. Akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama unavyofunika sufuria.

Halafu akaosha maharage yale. Yote mia nne thelathini na mbili, akayaweka jikoni na kitunguu na chumvi. Walikuja mwalimu, na mama wa Kirundi, na wale wawili wa baiskeli, na jirani mmoja wa kijijini aliyeleta majani ya maboga. Mimi napenda kuongeza chumvi kwenye maneno, unanijua, lakini hapa sikuongezei: maharage yale yote hayakujaza sahani mbili. Kila mtu alipata vijiko vitatu. Tulikula polepole sana. Nilijaribu kuhesabu ni kilomita ngapi zilizokuwa kwenye kijiko changu, nikashindwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushindwa hesabu ya kichwa. Yalikuwa matamu. Nisamehe, lakini yalikuwa matamu.

Koko alikaa miaka sita zaidi. Hakupima tena kwa nyimbo. Ukimuuliza zahanati iko mbali gani, alisema, "Nenda tu utafika."

Mimi sasa nafanya kazi Kanengo, kwenye ghala la tumbaku, na malori ya Kasungu yanaingia mbele yangu kila msimu. Dereva akinitajia namba yoyote, uzito au umbali au saa, namuuliza: ya nini? Wamenipa jina, Amayi a Ya Nini, hata wasiojua Kiswahili wananiita hivyo wakicheka. Nami nacheka nao. Sijawahi kuwaeleza. Kila lori la zamani likisimama, natazama mlango, kama kuna vumbi la kuandikia.

Basi ndiyo maana mwezi uliopita niliimba kuanzia kumi na tano. Kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu, nikishuka, kama namba ya mtu anayekuja. Kijana wa kabaza alichoka kunicheka kwenye wimbo wa kumi, akashuka kwenye baiskeli, akaisukuma, akaanza kuitikia kwa Kichewa. Kambi imekuwa mji. Pale plastiki yetu ilipokuwa sasa wanachaji simu. Ile pampu iliyolia kama punda haipo. Vinu vya sombe nilisikia viwili tu, na mashine ya kusaga ikavimeza. Niliuliza watoto watatu kisimani ni ngapi kutoka pale hadi zahanati, wakanijibu dakika kumi.

Wimbo wa kwanza uliniishia mlangoni kwa mwalimu. Amezeeka, bado mwembamba, shati jipya kwa ajili ya safari. Baada ya miaka yote hiyo jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo. Wiki iliyofuata alikuwa anapelekwa nchi ya mbali kuanza upya, na kati ya nchi zote za Mungu, wamempeleka kwenye nchi inayopima kwa maili. Tulicheka hadi akakohoa. Nilimwonyesha futi kamba, niliivaa siku ile. Aliigusa upande wa inchi, akaachia.

"Hebu muulize huyo mwanamke wako wa simu," alisema. "Kutoka hapa mpaka huko ninakoenda ni ngapi?"

Nikauliza. Nikamwambia, "Elfu nane."

Akakunja uso, ule ule wa ndimu. "Elfu nane ya nini?"

"Maili, Mwalimu."

Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kugeuza. Niliiona ile namba kubwa inayofuata, elfu kumi na tatu, ikipanda ngazi kuja, na mwalimu akaona ninavyoiona, kwa sababu yeye ndiye aliyeniwekea ngazi ile. Akaniwekea mkono begani.

"Acha, mwanangu," alisema. "Iache kwa maili. Ni ndogo."